Sala Isiyofungwa huko Nje ya Nguzo

Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa ishirini wa Kipindi cha Mpito. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamekaa chini kabisa, mvua ya rasharasha ilinyesha na kuacha, ikanyesha tena na kuacha, na joto lilipanda mapema hata kabla watu hawajanywa chai. Idara ya Hali ya Hewa ilitangaza redioni kwamba Jiji litapata mvua na Wilaya itapata jua. Kuhusu Nje ya Nguzo haikusema kitu, kwa sababu Nje ya Nguzo haimo Jijini wala Wilayani, na mvua inayonyesha hapo hunyesha kwa hiari yake yenyewe.

Raheli Mpondela hakuwa amelala. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka sebuleni, katikati ya wanawake wenzake wa kikundi cha sala, na kilichomfumbua macho ni ukimya. Friza ilikuwa imenyamaza.

Hiyo friza ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Kwa miaka mingi Raheli aliuza barafu za ukwaju na ubuyu, zile za kufungwa kwenye vifuko virefu vya plastiki, na watoto wa mtaa mzima walimwita Mama Barafu. Lakini tangu Jumatatu hakuuza hata moja. Kila barafu iliyoganda ilipelekwa chumba cha ndani, ikapangwa ubavuni mwa mume wake Yusto, kuanzia mabegani hadi miguuni. Watoto walijua. Hawakuja kugonga dirisha.

"Umeme umekatika?" aliuliza.

"Haukukatika, dada, umekatwa," alijibu jirani yake Mama Tunu, mwanamke ambaye hata msibani ulimi wake haukupumzika. "Watu wa Jiji wamepita alfajiri wakauondoa ule waya tuliovuta kwa jamaa wa ndani ya nguzo. Eti Tume inakuja leo, isije ikauona ikaona aibu."

"Sasa Yusto?"

 Mama Tunu akavua kanga ya begani, akaanza kupepea mlango wa chumba cha ndani kana kwamba joto ni inzi anayeweza kufukuzwa.

Raheli akapiga magoti. Alimwomba Mungu jambo moja tu, maana alikuwa amejifunza kutomchosha: leo, Bwana, nimzike.

*

Nje ya Nguzo si kijiji na si mji. Ni nyumba za bati na matofali ya saruji zilizoota pembeni mwa Jiji, pamoja na kanisa, msikiti, mashine ya kusaga na mabucha mawili yasiyopatana. Zamani, wakubwa walipopima mpaka wa Jiji, mpimaji alifika hapo saa ya chakula cha mchana, akachomeka nguzo ya zege, akaenda kula. Wapimaji wa Wilaya walikuja kutoka upande wa pili, wakafika mtoni, wakaona maji ni baridi, wakarudi. Kati ya nguzo na mto wakabaki watu. Hawakuwa na mwenyekiti, diwani wala afisa mtendaji. Walikuwa na wimbo wa taifa, ambao watoto wao waliuimba shuleni, upande wa Jiji, wakiwa wamesimamishwa mstari wa nyuma.

Isidhaniwe kwamba Serikali iliwasahau. Jiji liliwakumbuka kila msimu wa ushuru, na Wilaya iliwakumbuka kila msimu wa kampeni.

Kwa kuwa hapakuwa na utawala wa kufuata, watu wa Nje ya Nguzo walifuata sala. Ilikuwa ndicho kitu pekee chenye utaratibu. Kikao chochote, kiwe cha harusi, cha kisima au cha mbuzi aliyekula mchicha wa mtu, kilifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala. Sala ikishafunguliwa, wote husimama na kufumba macho, Wakristo kwa Waislamu. Msemaji akitua kuvuta pumzi, wao huitikia "Amina" ili kumsaidia aendelee. Na aliyeifungua ndiye anayeifunga. Mpaka aifunge, hakuna kufumbua macho na hakuna kuketi.

Yusto, aliyekuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyesimamia jambo hilo kuliko wote. "Hatuna polisi," alikuwa akisema, "lakini tukiweza kufumba macho pamoja bila ya kuibiana, sisi ni mji."

*

Alianguka Jumapili jioni, akishika kifua. Gari la wagonjwa la Jiji lilikuja haraka kuliko mtu yeyote alivyotarajia, likafika kwenye nguzo, likasimama.

"Mleteni hapa," dereva alisema kwenye simu. "Mkimfikisha kwenye nguzo, yaliyobaki ni yangu."

Wanaume wakang'oa mlango wa jiko, wakamlaza Yusto juu yake, wakakimbia naye. Walipofika wakamkalisha chini, akaiegemea nguzo kupumua. Dereva akashuka, akamwinamia kwa upole, akamwuliza yeye ni mkazi wa wapi. Yusto alikuwa mkweli maisha yake yote. Akajibu. Dereva akarudi kwenye gari na kuzima injini, na Yusto akafia hapo hapo, mgongo ukiwa kwenye zege.

Mtu angeweza kuuliza: si wamzike tu, wachimbe na wazike? Lakini Mzee Mkwizu, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa amelijaribu hilo. Alimzika mama yake nyuma ya nyumba bila kibali. Jiji likaja na amri kwamba aliyezika bila kibali atafukua kwa mikono yake mwenyewe. Akafukua. Alipofika kwenye sanda, Wilaya ikatokea na kusema Jiji halina mamlaka ya kufukulisha mtu upande ule. Maofisa wakapeana mikono, wakaondoka kwenda kushauriana, na hadi leo wanashauriana. Mzee Mkwizu alimfukia mama yake mara ya pili akiwa peke yake. Tangu siku hiyo hakumsimulia mtu alichokiona.

Ndiyo maana Raheli alikwenda kwanza kwenye ofisi ya Jiji. Alipokewa na kijana nadhifu mwenye tai.

"Pole sana, mama. Marehemu alifia wapi?"

"Pale kwenye nguzo, mwanangu. Alikuwa ameiegemea."

Kijana akavutiwa, akasogeza kiti. "Ameiegemea vipi? Kichwa kilikuwa upande gani?"

"Kichwa kilielekea kwenu."

"Na kifua?"

"Kifua kilikuwa kwetu."

"Aah." Kijana akashusha pumzi kwa masikitiko ya kweli. "Kinachokufa ni moyo, mama. Moyo ukiwa nje, mtu amefia nje. Angesogea kidogo tu, tungempokea kwa mikono miwili."

Wilayani alimkuta afisa mwenye mvi, mpole, aliyemkaribisha chai na kumsikiliza hadi mwisho.

"Wamekudanganya, mama yangu," alisema. "Hayo ya moyo ni mambo ya zamani. Siku hizi madaktari wanasema kinachokufa ni ubongo. Kichwa kikiwa Jijini, huyo ni marehemu wa Jiji. Sisi wenyewe tungependa sana kuwa naye."

"Basi nifanye nini, baba? Mume wangu analala kwenye barafu za ukwaju."

"Subiri Alhamisi. Tume ya Machaguo inakuja kwenu. Itawapa machaguo ya utawala, mtachagua, na utawala mtakaouchagua ndio utakaotoa kibali." Akamsindikiza hadi mlangoni. "Usiwe na haraka, mama. Demokrasia haiozi."

Raheli alirudi nyumbani akiwa na tumaini, na tumaini hilo likawaingia wengine. Jumatano wanaume walichimba kaburi uani, chini ya mpera, pale Yusto alipopenda kukaa akinyoa ndevu. Walichimba kwa uangalifu wote, kona nne zikiwa zimenyooka, kama watu wanaojua kwamba kesho yake ataingia.

*

Msafara wa Tume uliingia saa nne, magari meusi yakifuatana, na lori moja nyuma. Wa kwanza kushuka alikuwa Mheshimiwa Remigi Shangwe, Mwenyekiti wa Tume ya Machaguo ya Utawala kwa Maeneo Yasiyo na Mwenyewe. Alitazama turubai lililofungwa mbele ya nyumba, mikeka iliyojaa watu, masufuria juu ya mafiga, akafurahi hadi akashika kiuno.

"Mahudhurio haya! Katibu, andika. Sijawahi kuona mahudhurio kama haya. Mmeamka saa ngapi, ndugu zangu?"

"Tumelala hapa hapa, Mheshimiwa," alisema Mzee Mkwizu. "Ni siku ya nne leo."

"Siku ya nne mnaisubiri Tume!"

"Tupo msibani, Mheshimiwa."

"Nami pia nimeguswa. Na akina mama wale wanaolia?"

"Wamefiwa."

"Furaha ikizidi huwa hivyo," alisema Mheshimiwa, na kumgeukia Raheli aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cheusi kichwani. "Mama, wewe ndiwe mwenye nyumba?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mume wangu yupo ndani, naomba kabla hujaanza..."

"Mwache apumzike, mama. Kura yake tutamchukulia."

Akapewa kipaza sauti kilichofungwa kwenye betri ya gari. Akakipuliza, akakohoa, akasema kwamba taifa hili ni taifa la amani na la kumcha Mungu, hivyo atafungua mkutano kwa sala.

Watu wote wakasimama. Wanaume wakavua kofia, Waislamu wakainua mikono, wanawake wakashusha vichwa. Macho yakafumbwa, yote, hata ya watoto. Mheshimiwa Shangwe akaanza:

"Ee Mungu, uliyetuumbia nchi hii pamoja na viongozi wake, tunakushukuru kwa Serikali sikivu. Tunakushukuru kwa Tume hii na kwa magari tuliyokuja nayo. Tunakuomba uwafumbue macho wananchi hawa wajue la kuchagua, na sasa, ndugu wananchi, niende moja kwa moja kwenye mada."

Raheli alisubiri "Amina" yake. Haikuja. Mheshimiwa alikuwa ameiacha sala wazi, akapita zake.

*

Na watu wa Nje ya Nguzo wakabaki wamesimama, macho yamefumbwa, kama walivyofundishwa.

"Machaguo yapo manne," sauti iliendelea. "Kwanza, mnaweza kumezwa na Jiji. Mtapata anwani, taa za barabarani, na haki kamili ya kubomolewa kwa mujibu wa mipango miji."

Akatua kumeza mate. "Amina," watu wakaitikia.

Mheshimiwa akashtuka kidogo, kisha akapendezwa. "Au mnaweza kujiunga na Wilaya. Huko mtahesabiwa kuwa wakulima, na nyumba zenu zitahesabiwa kuwa mashamba yasiyolimwa."

"Amina."

"Au muwe mji wenyewe, wenye mamlaka yenu, nembo yenu na king'ora chenu. Mtajitegemea kwa kila kitu, isipokuwa maamuzi."

"Amina."

"Au mbaki kama mlivyo sasa, ila kwa njia rasmi."

"Amina!"

 Raheli alisikia katibu akinong'ona, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa karibu, mtaa mzima ulisikia.

"Mheshimiwa, wamepitisha yote manne."

"Kwa kauli moja?"

"Kwa kauli moja. Na wamesimama, wamefumba macho."

"Huko makao makuu wanatuambia wananchi hawana imani na sisi," alisema Mheshimiwa kwa sauti iliyolainika. "Waje waone. Sawa. Yote manne yatatekelezwa kwa pamoja."

Hapo ndipo Raheli alipohisi kitu kwenye vidole vya miguu. Maji. Yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa chumba cha ndani, yakipita sebuleni, yakishuka kizingitini mpaka aliposimama. Yalikuwa na baridi kidogo bado, na yalinukia ukwaju, na chini ya ukwaju palikuwa na harufu nyingine ambayo hakutaka kuipa jina. Akasema bila kufumbua macho:

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Sasa kibali cha kuzika atakitoa nani?"

"Swali zuri sana, mama. Jiji litaomba, Wilaya itapendekeza, hali ya sasa itaendelea, na mwenyekiti wa mji mpya atatia sahihi."

"Huyo mwenyekiti ni nani?"

Wakashauriana. Karatasi zilisikika zikipekuliwa. Ilionekana kwamba mwenyekiti wa mahali penye tawala nne ni lazima awe mtu anayefahamika Jijini na Wilayani pia.

"Lipo jina moja tu lililofika ofisi zote mbili wiki hii," alisema katibu. "Yusto Mpondela."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Jiji linasema ni wa Wilaya, na Wilaya inasema ni wa Jiji."

"Kila mmoja anamsifia mwenzake! Ana maadui?"

"Hakuna malalamiko yoyote. Wanasema ni mtulivu sana."

Kipaza sauti kikanguruma. "Ndugu wananchi! Mnampenda Yusto Mpondela?"

Walimpenda. Aliwaombea watoto wao, aliwaamua wenye mabucha kila walipogombana, alibeba majeneza ya wazazi wao. "Amina!" wakaitikia, kwa sauti kubwa kuliko zote za asubuhi ile, na wengine sauti ziliwakatikia katikati.

"Amepita bila kupingwa! Yuko wapi aje kusalimia?"

"Yupo ndani, Mheshimiwa," alisema Mama Tunu, na sauti yake haikujulikana kama anacheka au analia. "Kusimama ndio kidogo kunamshinda."

"Amekufa," alisema Mzee Mkwizu. "Amekufa tangu Jumapili. Ndiye tunayetaka kumzika."

 Mvua iliangukia turubai, ikaacha. Halafu katibu akasema, kwa heshima ya mtu anayeijua kazi yake:

"Kanuni zinasema mwenyekiti asiwe mfungwa, asiwe kichaa, na asiwe amefilisika. Hazisemi awe hai."

"Basi hapo hakuna tatizo," alisema Mheshimiwa kwa nafuu. "Isipokuwa moja, mama, naomba unielewe. Mwenyekiti aliyepo madarakani hawezi kuzikwa bila kibali cha mwenyekiti."

*

Raheli aliendelea kufumba macho. Alijisemea moyoni kwamba sala bado iko wazi, kwamba Yusto asingekubali, kwamba mtu hawezi kuvunja mbele ya maiti ya mume wake kitu alichokilinda akiwa hai. Akaomba: Bwana, mkumbushe huyu mtu aifunge.

Lakini Mheshimiwa alikuwa anakumbuka mengine.

"Mji lazima uwe na ofisi," alisema. "Na hapa niwapongeze tena. Dereva wangu alikwenda nyuma kujisaidia, ameniambia kwamba wananchi mmeshaanza! Msingi mmeuchimba wenyewe, chini ya mpera, kona zimenyooka kabisa. Mnatuaibisha sisi tuliosoma. Vijana, leteni jiwe!"

Lori likawashwa. Raheli alilisikia likirudi nyuma taratibu, likipita kando ya jiko, likivunja kitu, pengine ndoo. Akasikia wanaume wakihema, mmoja akisema, "Shika huku, huku kuna matope," mwingine akisema, "Moja, mbili." Kisha ukaja mshindo. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mshindo mzito wa kitu kinachotua chini mahali penye kina, na ardhi ikatikisika chini ya miguu yake iliyoloa.

Mshindo ule ulitoka upande wa mpera, na wote waliokuwa wamesimama pale walijua jiwe limeangukia wapi. Hakuna aliyefumbua macho. Mtu mmoja akaanza kulia kwa sauti ya chini, na Mheshimiwa Shangwe, akidhani ametua vya kutosha, akangoja waitikie. Safari hii Amina haikuja.

"Wamechoka," alisema katibu.

"Tumalizie na kiapo. Mama mjane, njoo hapa mbele. Utaapa kwa niaba ya mumeo. Sema nyuma yangu: Mimi, Yusto Mpondela..."

Raheli akasogea, akipapasa kwa miguu, maji ya ukwaju yakimfuata. Alisimama pale alipoisikia sauti inatoka.

"Mheshimiwa," alisema, "kwanza funga sala."

"Sala gani?"

"Uliyoifungua. Tumesimama nayo tangu saa nne. Hatuwezi kufumbua macho mpaka uifunge."

Mheshimiwa akacheka kidogo, kama mtu aliyeombwa kitu kisicho cha kazi yake. "Mama yangu, mimi ni mtu wa kufungua. Nimefungua barabara, nimefungua visima, nimefungua zahanati kumi. Katika utumishi wangu wote sijatumwa kufunga kitu. Hilo mngewaomba wengine."

"Wengine wapo wapi?"

"Hiyo idara bado haijaundwa."

 Raheli aliwaza yale maneno ya Yusto, kufumba macho pamoja bila ya kuibiana. Miaka yote hiyo walifumba, na hakuna aliyepoteza hata kuku. Leo walifumba mbele ya wageni, na mtu ameibiwa kaburi. Utaratibu ulikuwa mzuri. Ila ulikuwa wa watu wanaofumba macho wote.

Akainua mikono yake miwili, akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa mahali pale: akaifunga sala ya mtu mwingine.

"Bwana," alisema, "sala hii imeachwa wazi, na kila kitu kimeingia humo. Sisi tuliitikia, unajua, lakini tulikuwa tunakuitikia wewe. Yaliyosemwa hapo katikati usituhesabie. Mzee Mkwizu mpe usingizi. Mpokee Yusto, ambaye hajawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Amina."

"Amina," wakasema wote, na wakafumbua macho.

*

Waliona waliyokuwa wameyasikia. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa kutoka kwenye mpera hadi kwenye nguzo ya jiko. Ndoo ya Raheli ilikuwa imepasuka. Ndani ya kaburi, limeegemea kona iliyochongwa vizuri kuliko zote, lilikaa jiwe la msingi, kubwa, limepakwa chokaa, na juu yake jina limechorwa kwa herufi za dhahabu. Kaburi la Yusto lilikuwa na jina la Mheshimiwa Remigi Shangwe, ambaye alikuwa hai, mwenye afya, na anatafuta kivuli.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomfanya Mheshimiwa arudi nyuma hatua moja.

"Niwakumbushe kwa upendo," alisema, na sasa hakutumia kipaza sauti. "Jiwe la msingi ni mali ya Serikali. Atakayelitoa atakamatwa. Na atakayezika bila kibali, sheria mnaijua. Atafukua kwa mikono yake mwenyewe. Mtu yeyote hapa anaweza kuwasimulia."

Watu wakamtazama Mzee Mkwizu. Mzee Mkwizu alivua koti, akalikunja vizuri kama mtu anayekwenda kulala, akalitundika kwenye tawi la mpera. Kisha akauvuta utepe ukakatika, akashuka kaburini polepole, akashika upande mmoja wa jiwe.

"Peke yangu sitaliweza," alisema.

Mama Tunu akajifunga kibwebwe. "Nani huyo kasema uko peke yako? Sogea huko, mzee, na mikono yako hiyo kama vijiti."

Wengine wakaanza kusogea. Katibu akamwuliza Mheshimiwa aandike nini. Raheli hakwenda kaburini. Alibaki pale pale mbele ya Tume, nyumba ikiwa nyuma yake, mlango uko wazi, maji bado yanatiririka. Akageuka ili Tume imwone na majirani wamwone, akanyoosha mkono wa kulia kama watu wanavyofanya wakiapishwa, na alipozungumza sauti yake haikupanda.

"Andika, baba," alimwambia katibu. "Mimi Raheli, mke wa Yusto, naahidi mbele ya Mungu, mbele ya majirani zangu, na mbele yenu mliotumwa. Leo, kabla jua halijazama, jiwe hilo litatoka na mume wangu ataingia. Kibali sitakiomba tena popote. Mkija kesho na amri ya kumfukua, mtanikuta nimelala juu ya udongo wake, na sitainuka. Kwa hiyo msije na amri ya kufukua mtu mmoja. Njooni na amri ya wawili."